Ekseli Nzima na Miguu ya Shemeji

Fundi alikuwa chini ya gari la mteja, miguu nje na kichwa ndani, akimfundisha mteja huyo jambo ambalo hakuuliza. Mteja alikuja kubadilisha oili tu. Lakini kwa fundi huyu hukuwa na namna ya kubadilisha oili ukaondoka hivi hivi. Lazima kwanza usimame juani usomeshwe habari za magari ya kupanda milima.

"Tazama mbele," ilisema sauti kutoka chini ya gari. "Ukienda kununua gari la njia mbovu, usidanganywe na rangi wala redio. Uliza magurudumu ya mbele yameshikwa na nini. Kama ni ekseli nzima, chuma kimoja kutoka tairi hili mpaka lile, lipa uondoke nalo. Kama kila gurudumu lina mkono wake na koili yake, hilo mwachie bwana harusi."

Mteja aliitikia ndiyo, ndiyo, ili amalize aende zake.

Kwenye kona ya karakana kulikuwa na jiwe kubwa, mgongo wake umeng'aa kwa kukanyagwa. Hilo ndilo lililokuwa mahakama ya fundi. Alilipandisha gari taratibu, tairi moja la mbele juu ya jiwe, kisha akashuka na kulizunguka akichungulia. Gari la ekseli nzima, tairi moja likiinuka, la pili husukumwa chini likakanyaga kwa nguvu zaidi, na matairi yote yakabaki yameshika ardhi. Gari la miguu iliyogawanyika huchoka mapema: mkono ukifika mwisho wake, tairi hubaki linaning'inia hewani. Mtihani huo aliufanya mwenyewe siku zote, gari likiwa tupu, kwa mwendo wa konokono, na hakuna aliyewahi kumwuliza abiria walikuwa wapi.

Wa mwisho kufikishwa mbele ya jiwe hilo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mpima viwanja. Alikuja na gari lake jipya, ameliosha mpaka linaumiza macho, akitaka kupongezwa. Fundi akampandisha jiweni. Tairi la mbele likaning'inia, naye fundi akalizungusha kwa kidole kimoja mbele ya wateja na mafundi wa jirani na kusema, "Tazameni, shemeji ametuletea feni." Watu walivunjika mbavu. Shemeji aliteremka, akafunga mlango bila kuubamiza, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena hapo. Hata salamu zilikuwa zinapitia kwa dada yake.

Sasa huyo dada, mke wa fundi, alitoka ndani ya nyumba, iliyokuwa nyuma ya karakana, simu mkononi. Kiunoni alikuwa ameshajifunga kile kipande kirefu cha shuka kuukuu alichokifunga kila siku ya safari. Yeye ndiye aliyeendesha gari la familia, gari la zamani la ekseli nzima, kupandisha saruji, unga na abiria mlimani. Fundi alilitengeneza, mama akaliendesha, na kwa kazi hiyo walimsomesha binti yao wa pekee mpaka akawa mwalimu huko huko mlimani. Kile kipande cha shuka fundi alikiita mkanda wa mieleka. Kila asubuhi alimwuliza mkewe leo anapigana na nani, na mkewe alikuwa ameacha kujibu zamani.

"Toka chini," alisema mama. "Mwanao anatokwa na damu."

Fundi alijigonga kichwa akitoka.

Aliyepiga simu alikuwa nesi wa zahanati ya mlimani. Mimba ya binti ilikuwa imepita miezi saba. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Asubuhi damu ilitoka kidogo, ikakata. Ikirudi kwa wingi, zahanati haina la kufanya, kwa hiyo afikishwe hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji, na afikishwe leo, maana mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya mlima na mvua ikinyesha korongo la njiani halipitiki. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa juu ya mawe, halina injini. Mume wa binti alikuwa mbali kikazi na simu yake ilikuwa inakatika. Tena nesi alisisitiza jambo moja mara nyingi mpaka mama akalishika kwa moyo: alale kwa ubavu wa kushoto, na asitikiswe.

"Tunakwenda na gari letu," alisema fundi, ameshashika funguo.

"Gari letu halimbebi."

"Linabeba saruji."

"Saruji haina mimba."

Mteja wa oili alijifanya anatazama mawingu. Fundi alianza kueleza kwamba gari lile halijawahi kukwama hata siku moja. Mkewe akamkata. Hakusema litakwama, alisema linapiga. Tairi la kushoto likiingia shimoni, la kulia linapata habari, na mgongo wake unapata habari papo hapo, kwa sababu chuma ni kimoja. Na yale majani mawili ya springi, vile vyuma bapa vya kubeba uzito, ambayo fundi aliongeza kila upande wa mbele, ili gari lisiinamishe pua likishuka na mzigo, ndiyo yaliyommaliza kabisa. Tangu yawekwe, gari halikupita tena juu ya jiwe bila kumwambia dereva.

"Hukuniambia," alisema fundi.

"Nilikwambia. Ukasema sasa limekuwa gari la kiume."

Fundi alikumbuka kweli alisema hivyo, tena kwa kicheko. Aliangalia chini.

"Mwombe mdogo wangu gari lake," alisema mama.

"Mpigie wewe. Ni ndugu yako."

"Mimi sikumcheka."

*

Ofisi ya shemeji ilikuwa chumba kimoja chenye ramani zimeviringishwa kila pembe, na siku hiyo alikuwa na wateja, mtu na mkewe wanaogombania mpaka na jirani. Fundi alisimama mlangoni na ovaroli yake. Shemeji alimwona, akamaliza kwanza sentensi yake, halafu akachukua gazeti la zamani akalitandika juu ya kiti.

"Karibu, shemeji. Samahani, kiti ni cha kitambaa."

Fundi alikaa juu ya gazeti. Angeweza kusimama, lakini aliona akisimama itakuwa ni kununa, na leo hakuwa na haki ya kununa. Shemeji aliendelea na mpaka wa watu wale. Alionyesha kwa penseli hapa, akaonyesha pale, na kila penseli ilipoinuka fundi alifungua mdomo, ikishuka akaufunga. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akasema katikati ya maneno ya watu.

"Shemeji, naomba gari."

"Gari gani?"

"Lako."

"Lile feni?"

Wale wateja walicheka bila kujua wanacheka nini.

"Lile lile. Mwanetu anatokwa na damu, yuko mlimani, na nesi hataki atikiswe."

Shemeji alikuwa ameshasimama kabla maneno hayajaisha. Alichukua funguo, akawaambia wateja waje kesho, na mlangoni akamgeukia fundi kwa hasira ya kweli, si ile ya gazeti.

"Ungeanza na hilo. Umeniacha nacheza na penseli."

Nje, mkono wake ukiwa kwenye mlango wa gari, ndipo alipokumbuka korongo. Alisimama akamtazama shemeji yake. "Lakini pale halipiti," alisema. "Wewe mwenyewe ulinionyesha."

Hilo fundi alilijua tangu nyumbani, na njia nzima alikuwa akitamani, kwa mara ya kwanza maishani, jiwe lake liwe limesema uongo. Korongo lile lilikuwa na ngazi za mawe. Pale tairi moja hupanda jiwe la kimo cha goti huku jingine likishuka shimoni. Gari la shemeji lingening'iniza tairi, na kwa kuwa difu yake ya mbele, lile bonge la gia katikati ya magurudumu, imefungwa kwenye mwili wa gari, mbele ikibonyea tumbo nalo hushuka. Lingekaa juu ya jiwe mgonjwa akiwa ndani.

"Halipiti," alisema fundi. "Litagusa tumbo."

Basi wakakubaliana yaende yote mawili. La zamani lingemshusha binti kutoka zahanati mpaka chini ya korongo, njia fupi ila mbaya. La shemeji lingemsubiri hapo na kumpeleka hospitali kwa ile barabara ndefu ya kifusi, iliyojaa mikunjo mikunjo midogo isiyokwisha. Fundi alitaka kupanda na mkewe. Mkewe akamwambia apande na shemeji yake, kisha akatangulia na gari la zamani, akapotea ndani ya vumbi lake mwenyewe.

Ndivyo fundi alivyokaa kwa mara ya kwanza ndani ya gari alilolicheka. Mikunjo ilipoanza, alishika mpini wa mlango kwa mazoea na kukaza meno. Hakuna kilichokuja. Kule chini aliyasikia magurudumu yakipanda na kushuka, kila moja na shughuli zake, lakini habari haikufika kwenye kiti. Aliuachia ule mpini polepole ili shemeji asimwone.

"Vipi?" aliuliza shemeji, macho barabarani.

"Linakwenda," alisema fundi.

Kwa anayemfahamu fundi, hiyo ilikuwa hotuba nzima. Lakini hakuwa na utulivu wa kufurahia wala kuona haya. Alitazama mawingu, akatazama simu, akatazama tena mawingu, na kila baada ya muda akaikunja na kuikunjua miguu yake.

*

Zahanati ilikuwa chumba kimoja na ukumbi wenye benchi, karibu na shule anakofundisha binti. Fundi na shemeji waliacha gari chini ya korongo na kupanda na mama, aliyekuwa akiwasubiri hapo, katika gari la zamani, ambalo lilikwea zile ngazi za mawe bila kulalamika, na fundi kwa dakika chache alijisikia mtu. Walimkuta binti amelala kwa ubavu, uso umepauka, akijaribu kutabasamu. Mama alimshika mkono. Fundi alisimama miguuni pa kitanda akiuliza maswali ambayo nesi alikuwa ameshayajibu kwa simu.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alitoka nje, akalitazama gari, akaweka mguu kwenye bampa na kujaribu kulibonyeza. Halikubonyea. Akajaribu kwa miguu miwili, ameshika boneti, kama mtu anayepanda kitanda. Likabaki vile vile.

"Hili ndilo la kumbeba?"

"Mpaka chini ya korongo tu," alisema fundi. "Ni mwendo mfupi."

"Mfupi kwa nani?"

Mama aliufungua mlango. Kiti cha abiria cha mbele kilikuwa kimeshang'olewa tangu nyumbani, na sasa godoro lilikuwa limetandikwa katikati ya gari, mbali na ekseli ya nyuma, kichwa karibu na kiti cha dereva.

"Lala," alimwambia mumewe.

"Nani?"

"Wewe. Lala pale atakapolala mwanao, nikuzungushe. Tukirudi utatuambia ni mfupi au si mfupi."

Wagonjwa wa kwenye benchi waliacha kukohoa. Fundi alimtazama shemeji kana kwamba angemtetea. Shemeji alikuwa anasafisha miwani yake. Nesi akaongeza kwamba godoro ni la zahanati, avue viatu. Akavua, na soksi zake zikaonyesha vidole viwili hadharani. Akalala kwa ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja, mtu mzima na mvi zake, na mkewe akawasha gari.

Walikwenda mpaka geti la shule, wakavuka mfereji, wakageuza, wakavuka tena. Fundi alikuwa amelikagua gari lile mara nyingi kuliko alivyoukagua mwili wake mwenyewe, lakini hakuwahi kulala ndani yake. Anayeshika usukani huliona shimo likija, akajiandaa, akakaza tumbo. Aliyelala haoni kitu. Mfereji ulimpiga nyongani kupitia sakafuni, na kabla pigo hilo halijaisha likaja la upande wa pili, la tairi lililoambiwa na mwenzake. Meno yaligongana. Bila kufikiri, mkono wake ulikwenda ukalishika tumbo lake, tumbo lisilo na kitu zaidi ya chai ya asubuhi.

Gari liliposimama hakutoka mara moja.

"Vipi, baba?" aliuliza nesi.

"Hapana," alisema fundi. "Hapandi humu. Shemeji, nipe jeki."

Alilala tena, safari hii chini ya gari, mahali alipopazoea. Majani mawili aliyoyaongeza yalitakiwa kutolewa kila upande, na ili kuyatoa ilibidi kuinua fremu, kulegeza bolti zinazoifunga springi kwenye ekseli, kuibana springi yote, kisha kulichomoa jani na kufunga upya. Kazi hiyo karakanani huifanya akipiga mluzi. Hapa aliifanya huku mawingu yakishuka, na shemeji mwenye viatu vya kung'aa amepiga magoti kwenye vumbi akimpa spana isiyo yenyewe, kisha iliyo yenyewe.

"Nilidhani unajua gari lako lilivyo," nesi alimwambia akiwa amesimama juu yake. "Mama huyu kila akileta mizigo hupitia kwangu kuomba dawa ya mgongo."

"Nesi," alisema mama.

"Siyo siri, mama. Unaniomba mbele ya foleni nzima."

Spana iliacha kuzunguka. Kutoka chini ya gari fundi aliona miguu tu, ya nesi, ya shemeji, na ya mkewe iliyosogea pembeni kidogo. Aliona haya kuliko alivyoona kwenye gazeti, kuliko kwenye soksi. Mgongo wa mkewe ulikuwa unajulikana na wagonjwa wote wa mlima mzima, ila yeye aliyelala naye kitanda kimoja. Akaendelea kufungua.

Majani yalipotoka, alipunguza upepo wa matairi mpaka yakakaa kama yamechoka. Mafundi waliokuwa wanajenga darasa walileta viroba vya mchanga vikapangwa nyuma, ili springi za nyuma zipate mzigo na ziache kurukaruka. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alivua viatu, akalala kwenye godoro.

"Twende," alimwambia mkewe.

Waliporudi alisema upande wa kulia bado. Akapunguza upepo tena, akalala tena. Watu wa kwenye benchi hawakucheka. Mmoja wao, mzee mwenye kikohozi, aliuliza kama na mfereji wa pili wameujaribu, akaambiwa ndiyo. Mara ya mwisho fundi alitoka akajifuta mchanga.

"Sasa linasukuma," alisema. "Halipigi."

*

Binti alibebwa kwa shuka na watu wanne. Alipolazwa alimwangalia baba yake, akasema kwa sauti ndogo amesikia alikuwa anafanyiwa majaribio. Fundi akajibu alikuwa anahakikisha godoro. Alitaka kutangulia mbele kwa miguu amwelekeze dereva, lakini binti alimshika mkono wa ovaroli na hakuuachia, kwa hiyo akakaa sakafuni karibu naye, nesi upande wa miguu, shemeji akatembea mbele.

Ukingoni mwa korongo mama alisimama, akaingiza gia ndogo. Matone ya kwanza yalianguka kwenye kioo.

"Anza na kushoto," alisema fundi. "Halafu lile jiwe la—"

"Baba, nyamaza," alisema mkewe. "Njia hii naijua."

Gari liliteremka. Tairi la kulia likapanda jiwe, na fundi akajua bila kuona kwamba la kushoto limesukumwa chini, limeshika, halitateleza. Hakuna lililoning'inia, hakuna lililozunguka bure na kushtuka. Gari liliinama polepole, likanyooka, likainama upande wa pili. Jasho lilimtoka. Maisha yake yote aliisifu ekseli ile, na sasa hakuwa na nguvu ya kuisifu. Alikuwa anaiomba. Binti alifumba macho. Vidole vyake vilikaza kwenye kitambaa cha ovaroli kila gari lilipoinama, vikalegea, vikakaza.

Katikati, kwenye ngazi kubwa, mama alilisimamisha gari juu ya breki akavuta pumzi. Kisha akaliachia kidogo kidogo, mpaka tairi likakaa chini kama kikombe kinavyowekwa kwenye sahani. Nesi alifunua shuka, akatazama, akafunika.

"Pakavu," alisema.

Wote walipumua.

Chini walimhamishia kwenye gari la shemeji huku mvua ikianza kunyesha sawasawa. Viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa. Fundi akakaa tena sakafuni, mgongo kwenye kiti cha dereva, uso umeelekea nyuma, na nesi akabaki na mgonjwa. Mama alibaki kujaza upepo matairi ya gari la zamani kwa pampu ya mguu na kushusha mchanga, akasema watangulie, atawafikia. Na kweli aliwafikia, kwa sababu shemeji aliendesha kama amebeba mayai.

Mikunjo ya barabara ilianza. Gari la shemeji liliimeza. Baada ya muda vidole vya binti viliachia ovaroli, mdomo ukafunguka kidogo, na fundi akatambua kwamba amelala usingizi. Alitaka kumwambia shemeji neno, lakini akatazama nje kupitia kioo cha nyuma.

Mvua ilikuwa imeua vumbi. Gari la zamani lilikuwa nyuma yao, karibu, na kwa mara ya kwanza alimwona mkewe kwa mbele, akiendesha kwenye mikunjo. Yeye alizoea kumwona akiondoka na akirudi. Kichwa chake kilikuwa kinaruka. Si kuruka kidogo. Kilirushwa juu, kikarudi, kikarushwa pembeni, na mabega yakifuata, bila kupumzika, huku mkono mmoja umeng'ang'ania usukani na mwingine umeshika kiuno, pale pale penye ule mkanda wa mieleka. Uso wake haukuwa na maumivu wala hasira. Ulikuwa umetulia, kama uso wa mtu anayefua. Ndivyo alivyokwenda na kurudi miaka yote hiyo. Fundi aliangalia mbali, kisha akajilazimisha kumtazama tena mpaka walipofika lami.

*

Hospitali walimpokea binti moja kwa moja. Walikaa kwenye ukumbi, fundi akisimama na kukaa na kusimama tena mpaka mlinzi akamwuliza kama anatafuta choo. Hatimaye daktari alitoka. Alisema damu haijarudi, moyo wa mtoto unapiga vizuri, mama yake atalazwa hapo hapo mpaka siku ya upasuaji, na wamshukuru aliyemshusha mlimani bila kumtikisa. Mama alilia kwa sauti ndogo, akajifuta kwa kiganja. Simu ya mkwe ikashika wakati huo huo, naye akaanza kulia huko aliko kabla hajaelezwa chochote.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Shemeji alikuwa anapangusa tope kwenye milango ya gari lake. Fundi alimwendea.

"Shemeji, lile jiwe nitaliondoa."

"Liache. Bila lile jiwe leo ningejaribu kulipitisha korongoni." Alikamua kitambaa. "Ila kwa ile feni ulinifedhehesha mbele za watu."

"Nilikosea," alisema fundi.

Shemeji aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupangusa.

Mama alikuwa ameshafika kwenye gari la zamani, anaufunga upya mkanda wake kwa safari ya kurudi. Fundi alinyoosha mkono.

"Nipe funguo. Wewe panda na mdogo wako."

"Kwa nini?"

"Panda tu, mke wangu."

Alimtazama kwa muda, akitafuta mzaha usoni mwake, asiuone. Akampa funguo. Kisha akaufungua ule mkanda, akautupa juu ya kiti cha dereva, akaenda kwa mdogo wake bila kugeuka, akitembea kwa uangalifu, kama anavyotembea mtu mwenye mgongo mbovu, kama alivyokuwa akitembea siku zote.

Fundi aliwaacha watangulie. Lami ilipokwisha, mikunjo ikaanza, naye akaikaribisha kwa kiburi kidogo kilichobaki. Haikuchukua muda. Iliingia kwa miguu, ikapanda kiunoni, ikakaa hapo ikigonga bila kuchoka, na nyuma yake majani ya springi aliyoyatoa yalikuwa yakigongana sakafuni. Hapo ndipo alipofikiria kwamba hili ni gari lililokwisha kupunguzwa makali. Mkewe aliliendesha yakiwa yamo.

Aliegesha pembeni. Taa za shemeji zilikuwa zimeshapotea kwenye kona. Alikichukua kile kipande cha shuka, chenye alama nyeusi za jasho kwenye mikunjo, akakizungusha kiunoni, akavuta pumzi ndani ndipo kikafika. Akakifunga fundo, akaingiza gia, akaendelea na safari.